Madoa meusi ya mwaridi

Madoa meusi ni ugonjwa wa majani ya mwaridi unaosababishwa na kuvu iitwayo Diplocarpon rosae. Huisumbua sana miwaridi ya bustani za nyumbani, hasa nyanda za juu zenye mvua nyingi.

Dalili

Doa hutokea upande wa juu wa jani, jeusi au la kahawia iliyokoza, lenye upana wa milimita 2 hadi 12. Alama yake kuu ni ukingo: haukukatika sawasawa, bali una nyuzinyuzi zinazosambaa nje kama tone la wino lililoangukia karatasi. Pembezoni mwa doa jani hugeuka manjano, kisha lote hudondoka. Ugonjwa huanzia majani ya chini na kupanda juu, na mwaridi usioangaliwa huishia kuwa fito tupu zenye kishungi cha majani kileleni.

Si kila jani bovu lina ugonjwa huu. Unga mweupe ni ubwiri unga, unaoletwa na kuvu nyingine. Majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani huonyesha upungufu wa madini ya chuma, jambo la kawaida kwenye udongo wa matumbawe wa pwani. Vidoa vidogo vilivyopauka, pamoja na utando mwembamba chini ya jani, ni kazi ya utitiri mwekundu. Kwa hayo mawili ya mwisho, kupuliza dawa ya kuvu ni kupoteza fedha.

Uenezi

Spora hurushwa na matone ya mvua au ya maji ya kumwagilia, na huhitaji jani libaki limelowa kwa saa 7 hivi ndipo zipenye. Kuvu hujihifadhi katika majani yaliyoanguka na vidonda vya matawi. Ulaya miwaridi mingi hupukutisha majani wakati wa baridi. Nairobi na Arusha hubaki na majani mwaka mzima, hivyo kuvu haikosi makao.

Tiba

Jani lililokwisha kupata doa haliponi. Kinachofanyika ni kuyakinga mapya. Majani yaliyodondoka yaokotwe na kuchomwa. Mtindo uliozoeleka mno wa kumwagilia kwa mpira jioni, maji yakipita juu ya majani, ndio unaoulisha ugonjwa: maji yamwagwe shinani, asubuhi. Matawi ya katikati yapogolewe ili hewa ipite.

Salfa, ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huijua vizuri kwa ubwiri unga, hufaa ikiwahi kupulizwa, ila joto likipita nyuzi 30 huweza kuunguza majani. Mancozeb, dawa nyingine ya kuvu, hukaa juu ya jani tu, kwa hiyo hurudiwa baada ya mvua kubwa. Umoja wa Ulaya uliinyima idhini mpya Desemba 2020.

Aina stahimilivu

Maarufu ni Knock Out ya Mmarekani William Radler, iliyoingia sokoni mwaka 2000.

Umuhimu

Mashamba ya maua ya Naivasha hukuza waridi ndani ya mabanda ya plastiki kwa umwagiliaji wa matone, majani yakibaki makavu, na huko adui mkubwa si madoa meusi bali ubwiri unga.