Wakia ya Pwani na wakia ya Bulyanhulu

Tarehe 24 Mei 2017, Profesa Abdulkarim Mruma, mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi, alipomkabidhi Rais John Magufuli ripoti ya makinikia (mchanga wenye madini), dhahabu ilitajwa kwa kilo na tani: makontena 277 yaliyozuiwa bandarini, wastani wa kilo 28 kila moja, jumla tani 7.8. Acacia, kampuni iliyomiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilizikataa hesabu hizo. Yenyewe ilikuwa ikitangaza uzalishaji wake kwa wakia. Kwa kipimo hicho, tani 7.8 ni wakia 250,000 hivi, na kila kontena lingekuwa na wakia 900.

Neno wakia halikuletwa na migodi. Warumi waliita uncia sehemu moja ya kumi na mbili ya kitu kizima, na humo ndimo zilimotoka aunsi na inchi za Waingereza. Kupitia Kigiriki likafika kwa Waarabu, wakalitamka uqiya au wakiya, nasi wa Pwani tukapata wakia. Zanzibar ya karne ya 19 ratili moja ilikuwa wakia 16, na wakia moja ilikuwa uzito wa reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, yaani gramu 28 hivi. Karafuu na pembe za ndovu zilikwenda kwa frasila. Wakia ilibaki kwa vitu vidogo vya thamani. Sonara wa Kihindi naye alikuwa na tola yake, gramu 11.66, uzito wa rupia ya fedha. Rupia ya Wajerumani, iliyotumika bara hadi Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na uzito huohuo. Sarafu ndiyo iliyokuwa jiwe la mizani.

Bulyanhulu wachimbaji wadogo walikuwepo tangu miaka ya 1970, wakaondolewa Agosti 1996. Barrick, kampuni mama ya Acacia, iliinunua Sutton Resources iliyomiliki Bulyanhulu mwaka 1999, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Wakia inayotajwa katika taarifa za mgodi ni ile ya masoko ya dhahabu ya dunia: gramu 31.1035. Jina ni lile la reale, lakini uzito umezidi kwa takriban gramu tatu.

Gramu hizo tatu si ndogo kwa mtu wa duarani. Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, hununua kwa gramu, ilhali redio hutangaza bei ya dunia kwa wakia. Wakia ikiwa dola 3,110, gramu ya dhahabu safi ni dola 100. Atakayegawanya kwa 28 atapata dola 111, na ataondoka akiamini amepunjwa hata pale mizani ilipokuwa ya haki. Kibaya zaidi, mnunuzi mjanja anaweza kuutumia utata huohuo upande wake. Kila anayetangaza bei kwa wakia anapaswa kutaja palepale kwamba ni gramu 31.1, na kwamba bei hiyo ni ya dhahabu iliyokwisha kusafishwa, si ile inayotoka kwenye karai ikiwa bado na fedha ndani yake.