Maambukizi Kwanza: Mitishamba na Uvimbe Sugu wa Utumbo Masisi na Walikale

Katika Masisi na Walikale, maeneo ya Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, mitishamba inaweza kumfaa mgonjwa mwenye uvimbe sugu wa utumbo, lakini baada tu ya kuthibitika kwamba hana maambukizi. Utaratibu huo una uzito kuliko swali la kama dawa ni ya asili au ya kiwandani. Huko Ulaya, mwenye kolitisi ya vidonda au ugonjwa wa Crohn, aina kuu mbili za uvimbe huo, anayetafuta tiba asilia kwa kawaida ameshaangaliwa utumbo kwa kamera, na ushauri anaopewa unasimama juu ya kipimo hicho hata kisipotajwa. Katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, anayehara damu kwa majuma mengi anaweza kuwa na amiba, kifua kikuu cha utumbo, au shigela, bakteria iliyoua wakimbizi wengi Goma mwaka 1994 kipindupindu kilipoanza kupungua. Kifua kikuu hicho hufanana na ugonjwa wa Crohn kiasi cha kuwatatiza hata mabingwa. Onyo hili linamhusu daktari pia: mwenye amiba akipewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, utumbo wake unaweza kutoboka.

Ushahidi wa mimea yenyewe unataka kusomwa kwa makini. Mubirizi, mmea mchungu unaoaminiwa sana Kivu, una sifa iliyochunguzwa kweli: mwaka 1987 huko Mahale, Tanzania, Michael Huffman na Mohamedi Seifu walimwona sokwe jike mgonjwa akitafuna kiini cha shina lake, kisha akapata nafuu. Utafiti uliofuata ulielekea kwenye minyoo na vimelea. Hiyo ni sababu nzuri ya kuuheshimu mubirizi, ila haithibitishi kwamba unatuliza utumbo unaoshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Kwa manjano tuna ushahidi ulio karibu zaidi. Katika jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 89 wa kolitisi iliyotulia walifuatiliwa kwa miezi 6. Ugonjwa uliwarudia 2 kati ya 43 waliohesabiwa katika kundi lililopewa gramu 2 za kurkumini, kiambato cha manjano, kwa siku, na 8 kati ya 39 wa kundi la kulinganisha. Wote waliendelea na dawa zao, salfasalazini au mesalazini. Matokeo hayo yanaipa manjano nafasi kando ya dawa. Hayampi mtu ruhusa ya kuziacha. Unga wa nili nao, uliojaribiwa pia Japani, ulipunguza kolitisi waziwazi, lakini jaribio likasitishwa mapema kwa hofu ya shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu. Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru pia.

Wapo watakaosema ugonjwa huu si wa kwetu. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946, aliuhesabu miongoni mwa magonjwa adimu Afrika na kuhusisha uadimu huo na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Huenda alikuwa sahihi kwa sehemu, ingawa ugonjwa unaohitaji kamera hauhesabiki pasipo kamera. Lakini tukikubali kwamba ni adimu, hoja yangu inapata nguvu: wengi wanaohara damu wana maambukizi, na kuwatuliza kwa majani ni kuwachelewesha.

Pingamizi zito zaidi ni la vita. Mapema mwaka 2025 Masisi-centre, kisha Walikale-centre, ziliangukia mikononi mwa waasi wa M23; barabara ikifungwa, majani ndiyo yanayobaki. Hilo ni kweli, na ndiyo maana haifai kumdharau mganga wa kienyeji, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa. Afundishwe kutambua homa, kukonda na damu isiyokoma, na amwelekeze mgonjwa kituo cha afya, ambako hadubini na choo kibichi vinatosha kuonyesha amiba inayotembea. Salfasalazini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuitafuta si anasa.

Kuliko majani, ninahofia zaidi orodha za miiko ya chakula kutoka ng'ambo, zinazokataza maziwa na maharagi kwa kila mgonjwa. Kwa familia ya Masisi, kuviondoa ni kumnyima protini mtu aliyekwisha kukonda. Maziwa mabichi yakimletea gesi, na ayaache hayo tu. Jibini la Masisi lililokomaa lina laktosi kidogo sana, na anaweza kuendelea kulila.