Nyungu ya Udongo na Shaba ya Bankambo

Wengi wakisikia jina Kolwezi, wanafikiri shaba tu. Lakini mbele ya shaba kulikuwa udongo. Mama mufinyanzi anauchimba kando ya mutoni, anatoa majiwe na mizizi, anautwanga, anauchanganya na vigae vilivyosagwa ili nyungu isipasuke ndani ya moto. Anaijenga kwa mikono, kamba ya udongo juu ya kamba, anailainisha kwa kipande cha kibuyu, anaichora, anaikausha kivulini, kisha anaichoma kwa kuni hapo inje.

Kazi hii ni ya zamani sana. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, kwenye mutoni huu wetu Lualaba, wataalamu walifukua makaburi mwaka 1957 na 1958, tena 1974. Mengine yanakaribia miaka 1,000. Walikuta nyungu nzuri nyingi: mutoto aliwekewa ndogo, mukubwa aliwekewa kubwa. Walikuta pia shaba, iliyotoka kusini, ku nchi ya migodi.

Na shaba ile isingepatikana bila udongo. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Mirija ya kupulizia moto ilikuwa ya udongo vilevile.

Siku hizi bidoni na sufuria vimechukua nafasi ya mutungi, na malori yanapeleka shaba mbali. Shaba ikienda, hairudi. Udongo ungali kando ya mito. Kinachoweza kwisha ni mikono inayoujua. Mwenye nkambo mufinyanzi kule mugini, amupelekee binti yake ajifunze, mzee angali hai.