Daraja Lenye Paa la Blenheim

Daraja huvukwa na wengi, hutazamwa na wachache. Katika kijiji cha North Blenheim, jimbo la New York nchini Marekani, lilikuwapo daraja la mbao juu ya mto Schoharie ambalo historia yake yatufunza maana ya kuhifadhi.

Lilijengwa mwaka 1855 na fundi Nicholas Powers kutoka Vermont. Toka ukingo hata ukingo lilivuka futi 210, yaani kama meta 64, bila nguzo hata moja majini. Lilikuwa na njia mbili za magari ya farasi, na baina yake ulisimama mhimili wa kati wenye tao kubwa la mbao. Husimuliwa kwamba wenyeji hawakuamini kuwa litasimama; kwa hiyo siku yalipoondolewa majukwaa yaliyolishikilia, Powers alipanda akaketi juu ya paa, ili likianguka aanguke nalo. Halikuanguka.

Msomaji aweza kuuliza: paa la nini juu ya njia? Wapitao walikingwa mvua, lakini paa halikuezekwa kwa ajili yao. Boriti inayonyeshewa na kukauka mara kwa mara huoza kwenye maungio, na daraja la mbao lililo wazi huchakaa upesi. Kama upenu unavyoulinda ukuta wa udongo, ndivyo paa lilivyoilinda mihimili. Ubao wa paa ukioza hubadilishwa. Mhimili ukioza, daraja limekwisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mapema katika miaka ya 1930 daraja la chuma lilijengwa kando yake, na magari yakahamia huko. Lile la kale lingaliweza kuvunjwa, lakini wilaya iliamua kulitunza. Mwaka 1964 serikali ya Marekani ililitangaza kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taifa.

Kisha, tarehe 28 Agosti 2011, mvua za tufani Irene ziliufurisha mto, na mafuriko yakalizoa daraja zima. Paa lililoshinda mvua kwa miaka 156 halikuwa na kinga dhidi ya maji yapandayo kutoka chini. Mwaka 2015 hadhi ile ya kitaifa iliondolewa, kwani kilichoheshimiwa hakikuwapo tena.

Hata hivyo wenyeji hawakukata tamaa. Michoro na vipimo vya daraja vilikuwa vimehifadhiwa kabla ya mafuriko, na mwaka 2018 daraja jipya la mbao, lenye umbo la lile la kwanza, lilisimama pale pale, limeinuliwa juu zaidi ya maji.

Je, ni daraja lile lile? Mbao za Powers zimekwenda na mto. Ujuzi wake haukwenda, kwa sababu uliandikwa. Nasi tujiulize: fundi mzee wa kijijini mwetu akifariki leo, ni nani aliyejifunza kwake, na kazi yake imechorwa wapi?