Mzaha juu ya Mtu wa Shamba Kusini mwa Marekani

Utani, kama tuujuavyo sisi, una kanuni yake: anayetaniwa naye ana haki ya kutania. Mngoni amtaniapo Mhehe, hata msibani, ajua kwamba zamu ya mwenzake itafika. Mzaha usio na zamu ni kitu kingine kabisa, na historia ya majimbo ya Kusini ya Marekani yatuonyesha kitu hicho waziwazi.

Mwaka 1835 Augustus Baldwin Longstreet, mwanasheria wa Georgia, alichapisha kitabu cha visa vya mashambani kiitwacho Georgia Scenes. Humo msimulizi ni muungwana mwenye Kiingereza safi, na wanaosimuliwa huropoka kwa lahaja yao na kupigana hadi kung'atana masikio. Basi msomaji akaketishwa upande wa muungwana tangu mwanzo. Waandishi wengine waliushika mtindo huo, na taratibu sura ya mzungu maskini wa Kusini ikakamilika: mwembamba, miguu peku, uso umepauka, ameegemea ukuta ilhali wenziwe wanalima.

Sura hiyo haikuwa ya kubuniwa yote, na hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1902 mtaalamu Charles Wardell Stiles alitangaza kwamba minyoo ya safura imeenea miongoni mwa maskini wa Kusini. Gazeti moja la New York likadakia kwa dhihaka kwamba kumegunduliwa kijidudu cha uvivu. Kumbe dhihaka ilikuwa imegusa kweli. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na choo kikubwa, huanguliwa katika udongo wenye joto na unyevu, kisha minyoo michanga hupenya ngozi ya nyayo, ikasafiri mwilini hata utumbo, ikanyonya damu. Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 za kuipiga vita. Tume iliyoundwa ilifanya kazi katika majimbo 11, ikakuta takriban watoto 40 katika kila 100 wameambukizwa. Miguu peku iliyochekesha ndiyo iliyokuwa mlango wa maradhi, na ule uliodhaniwa uvivu, aghalabu ulikuwa upungufu wa damu. Hata hivyo baadhi ya wahariri wa Kusini waliikasirikia tume, wakaiona kuwa ni tusi jipya. Mimi siwalaumu, walikuwa wamechekwa muda mrefu mno hata wasiweze kumtofautisha tabibu na mzushi.

Mtu mweusi alibebeshwa mzigo mzito zaidi. Yapata mwaka 1830 Thomas D. Rice, mwigizaji mweupe wa New York, alijipaka weusi usoni akacheza kichekesho cha Jim Crow, jina ambalo baadaye liliitwa sheria za ubaguzi. Lakini watumwa nao walikuwa na mzaha wao faraghani: hadithi za sungura, ambaye kwetu hahitaji kutambulishwa, na za mtumwa John amzungukaye bwana wake. Zora Neale Hurston, aliyekulia Eatonville, Florida, alikusanya visa vya namna hiyo vibarazani, akavitoa mwaka 1935 katika Mules and Men. Humo hakuna muungwana wa kutafsiri. Wasemaji ni wenyewe.

Wazungu wa mashambani nao walikuja kupata sauti yao. Mwaka 1940 Sarah Ophelia Colley wa Tennessee, aliyesomea uigizaji, alipanda jukwaa la Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville, kwa jina la Minnie Pearl. Aliwacheka jamaa zake wa kubuni mbele ya wakulima waliowatambua, na kwa nusu karne hawakumchoka. Alama yake ilikuwa kofia ya maua yenye kikaratasi cha bei kinachoning'inia, dola 1.98. Aliyepata kununua kofia mpya mjini kwa ajili ya sikukuu hakuhitaji kuelezwa.