Jinsia kama kigezo cha utafiti wa jamii

Wataalamu wa Kiswahili hutofautisha jinsi na jinsia. Jinsi ni maumbile ya kike au ya kiume; jinsia ni majukumu, mali na mamlaka ambayo jamii huwagawia wanawake na wanaume. Mtafiti anayetumia kigezo cha jinsia huuliza: nani alifanya kazi, nani aliamua, na sauti ya nani haikuandikwa?

Mfano mzuri ni historia ya TANU, chama kilichoundwa Tanganyika mwaka 1954. Kwa muda mrefu ilisimuliwa zaidi kama kazi ya wanaume wachache wasomi. Mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, aliwahoji wanawake wenyewe, akiwemo Bibi Titi Mohamed. Kitabu chake, kilichochapishwa mwaka 1997, kilidhihirisha kwamba wanawake wa mjini Dar es Salaam, wengi wao wenye elimu ndogo ya shule, walikieneza chama kupitia vikundi vyao vya ngoma, vilivyokwisha kuwakutanisha watu wa makabila mbalimbali.

Hivyo, utafiti huo haukuongeza majina ya wanawake tu. Ulibadili jibu la swali la msingi: ni nani waliojenga utaifa wa Tanganyika?