Lisp na biti sita: nani atafagia kumbukumbu?

Leo tupige historia kidogo. Ukiandika programu kwa Java au Python, hujishughulishi kurudisha kumbukumbu uliyotumia. Kuna mfagiaji anayepita nyuma yako. Mfagiaji huyo hakuzaliwa na Java. Alizaliwa MIT, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, John McCarthy na wenzake walipokuwa wakiunda Lisp kwenye tarakilishi ya IBM 704.

Lisp ni lugha ya orodha. Kila kiungo cha orodha kilikaa ndani ya neno moja la mashine, lenye biti 36: biti 15 ni anwani ya kilichomo, na 15 nyingine ni anwani ya kiungo kinachofuata. Programu iliunda viungo na kuviacha, nafasi ikajaa. Nani akusanye vilivyoachwa?

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila kiungo kibebe hesabu ya wanaokielekezea. Ikifika sifuri, nafasi irudishwe papo hapo. Lakini 36 ukitoa 30 zinabaki biti sita tu, tena tatu huku na tatu kule. Hazikufaa. McCarthy akachukua ya pili: nafasi ikiisha, simamisha programu, tia alama kila kiungo kinachofikika, kisha visivyo na alama virudi kwenye akiba.

Katika makala yake ya 1960 hakuficha gharama: kufagia kulichukua sekunde kadhaa, hivyo kumbukumbu ikikaribia kujaa data hai, mashine itashinda ikifagia tu. Baadaye alisimulia jinsi mfagiaji alivyoamka katikati ya maonyesho, taipu ikaanza kuchapa takwimu zake kwa mwendo wa herufi 10 kwa sekunde. Watazamaji wakacheka.

Mwaka huo huo wa 1960, George Collins alichapisha njia ya hesabu. Haina kisimamo kirefu, lakini unalipa kila anwani inapobadilika, na viungo viwili vinavyoelekezeana havifiki sifuri kamwe. Mwaka 1970 C. J. Cheney akaonyesha namna ya kuhamisha data hai kwenda nusu nyingine ya kumbukumbu: kazi inapungua, ila nusu inakaa tupu. Mwaka 1983 Henry Lieberman na Carl Hewitt wakatumia ukweli kwamba data nyingi hufa ikiwa changa: fagia vijana mara nyingi, wazee mara chache.

Dawa ya deni ni kulipa. Python ya kawaida hulipa kidogo kidogo, na ina mfagiaji wa ziada kwa mizunguko. Java hulipa kwa mkupuo, ingawa mikupuo imepunguzwa sana.

Kwa hivyo seva yako ikiganda huku wateja wakingoja, usikimbilie kulaumu lugha. Angalia kwanza data hai ni kiasi gani na nafasi iliyobaki ni ngapi. Onyo la 1960 bado linafanya kazi. Nyinyi mnalipa vipi?